Ndoyi wa Mama

Kanisani kwetu Skärholmen, pembeni mwa Stockholm, mgeni hakai kimya. Kabla ya mahubiri mchungaji huuliza nani amekuja kwa mara ya kwanza, na aliyekuja husimama, hutaja jina lake na anakotoka, kisha hupigiwa makofi. Tulikuwa tumekodi ukumbi wa Waswidi. Wao waliabudu asubuhi, sisi tuliingia mchana, kahawa yao ikiwa bado inanukia. Jumapili moja alisimama mwanamke mweusi, mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa hadi karibu na ngozi. Mlangoni wapokea wageni walikuwa wamemsalimia kwa Kiswahili wakidhani ni mtu wa Bukavu au Bujumbura, naye akatabasamu na kuitikia kwa kichwa, akawaacha wadhani hivyo. Hilo nililiona, nikaliweka moyoni. Sasa akasema kwa Kiingereza kwamba ametoka Marekani, kwamba kazi yake ni kuandika mashairi, na akataja jina lake.

Lilikuwa jina la mama yangu. Ni jina la Biblia, ila si yale ambayo kila familia inayo, na tangu tufike Uswidi hatukuwahi kukutana na mwingine aliye nalo. Mama aliruka kutoka kitini huku mkoba ukimwanguka.

"Ndoyi! Ndoyi yangu!" akapiga kelele, akapita katikati ya viti kwenda kumkumbatia.

Kwetu Uvira, upande wa Kongo, mtu mwenye jina lako ni ndoyi wako, kama watu wa pwani wanavyosema somo. Ndoyi hanyimwi kitu. Akija kwako, sahani ya kwanza ni yake. Ukinunua kitenge, unamkatia nusu. Watoto wako wanamwita mama kama wanavyokuita wewe, na hakuna anayeuliza tabia zake kwanza, kwa sababu kumuuliza ni kujiuliza mwenyewe. Kanisa zima lilishangilia. Mimi nilibaki nimekaa, nikijiuliza mwanamke huyu anatafuta nini kwetu.

Nilikuwa na sababu ya kuwaogopa watu wanaosikiliza sana. Mama hakunizaa. Katika kambi ya wakimbizi upande wa Tanzania aliishi jirani na mwanamke aliyekuwa na mtoto mmoja wa kike. Homa ilimchukua yule mwanamke, mtoto akabaki, na mtoto huyo ni mimi. Mama hakuwa na mtoto. Mume wake alikuwa amemrudisha kwao zamani kwa sababu hakushika mimba. Alinichukua tu; hakuna aliyemwomba na hakuna aliyemzuia. Maofisa walipokuja kuhoji watu wa kupelekwa Ulaya, kambini ilisemekana kwamba mtoto asiye wa damu hutenganishwa na wenzake na kupelekwa kwingine. Basi mama akasema: huyu ni wangu, nimemzaa mimi. Tukaingia Uswidi hivyo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na Stockholm nzima hakuna aliyejua zaidi yetu sisi wawili.

Wakati mshairi anafika, nilikuwa nimeomba uraia na nasubiri jibu. Vipimo vya kuthibitisha nani amemzaa nani vilikuwa vimeanza kutajwa kila mahali. Kanisani watu walinong'ona habari za familia moja ya Södertälje iliyoitwa upya kueleza watoto wake ni wa nani. Sijui kama ilikuwa kweli. Uvumi hauhitaji kuwa kweli ndipo ukunyime usingizi.

Na sasa mama amejipatia rafiki ambaye riziki yake ni kusema mambo ya watu.

Alianza kuja kwetu Fisksätra Jumamosi, kwa treni ndogo ya kutoka Slussen. Mama alipika sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na samaki wakavu kutoka duka la Skärholmen, akasonga bugali, akampa sahani ya kwanza. Mmarekani alikula kwa mkono bila kufundishwa. Hata hilo lilinitia shaka. Nani alimfundisha, na kwa nyumba ngapi amepita akila hivyo?

Mwanzoni mimi ndiye niliyetafsiri, kwa kuwa mama hakujua Kiingereza. Kwa hiyo maisha ya mshairi yalipita mdomoni mwangu. Alizaliwa katika mji mdogo kando ya mto, mama yake mpishi wa shule, baba yake fundi wa reli. Alisoma kwa msaada wa kanisa, akaacha, akaolewa, akapata mtoto wa kiume. Kwa miaka mingi alipokea simu katika hospitali, na alfajiri kabla ya kazi aliandika mashairi jikoni. Kitabu chake cha kwanza kilitoka akiwa amekaribia miaka arobaini, kikachapwa na watu wawili kwenye gereji yao, na kwa maelezo yake mwenyewe walionunua walikuwa jamaa zake na maadui zake. Kisha vikaja vingine. Vyuo vikaanza kumwita kufundisha, mwaka huku, mwaka kule, kila mahali akipanga vyumba vya watu na kuacha nyuma kitanda alichonunua. Hatimaye akapata tuzo, na tuzo ikamletea mwaliko wa kukaa Stockholm na kuandika. Mwaliko ulipokwisha akabaki, akifundisha uandishi kwa wanafunzi wa Kiswidi ambao, alisema, wanaogopa kusema neno lolote ambalo mama zao watalisoma.

"Na weye hauogopi?" mama alimuuliza kupitia kwangu.

"Mama yangu ameshakufa," akajibu.

Nilitafsiri, lakini jibu hilo halikunipendeza hata kidogo.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuandika kitu. Nilitegemea kumwona na kalamu, ili siku moja nimwambie, tafadhali, weka hiyo kalamu chini. Hakuwa nayo. Alikaa kwenye kochi letu, mikono imepumzika magotini, akasikiliza mama akieleza jinsi ya kukausha ndagala, dagaa wa kwetu. Mtu anayeandika unaweza kuona anaandika wapi na anaacha wapi. Huyu utamkamata vipi? Nilimuuliza kwa mzaha, mshairi gani hana hata karatasi.

"Kinachotaka kubaki hubaki chenyewe," akasema.

Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nilijisemea hivyo nikiwa naosha vyombo, nikipiga sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Baadaye hawakunihitaji tena. Mama alikuwa amekaa shule ya Kiswidi ya wahamiaji miaka bila kumaliza, na Mmarekani alikuwa ameokota Kiswidi chake redioni na madukani. Viwili hivyo vikakutana. Nilikuwa nafanya kazi kwenye shule ya chekechea, na siku nyingine nilirudi nikawakuta jikoni wanaongea Kiswidi ambacho hakuna Mswidi angekielewa, wakimalizia kwa mikono yale ambayo mdomo umeshindwa. Mama alikuwa akicheka hadi anafuta macho. Nikiingia, wananyamaza.

"Mulikuwa munaongea nini?"

"Mambo ya wazee," mama alinijibu. "Kula."

Mambo ya wazee! Mama yangu alikuwa ameficha siri moja maisha yake yote ya Ulaya, na siri hiyo ndiyo mimi. Sasa kuna mtu anayemchekesha kuliko ninavyomchekesha mimi. Mtu anayechekeshwa hulegea, na akilegea huongea. Nikaanza kubadilisha zamu kazini ili Jumamosi na siku za katikati ya juma niwepo nyumbani. Nilikaa nao kama polisi aliyealikwa harusini. Walinimiminia chai, wakaendelea.

Kisha nikaenda maktaba ya mjini kusoma vitabu vyake. Nilisoma nikiwa nimesimama kati ya makabati, sikutaka kuviazima kwa jina langu. Kitabu cha ndoa yake kilimweka mume wake mezani, tumbo nje, uongo wake wote ukiwa umepangwa. Baada ya kitabu hicho, makala moja ilisema, mtoto wake wa kiume aliacha kuongea naye. Halafu kulikuwa na kile cha mama yake. Mama huyo alikufa polepole, na binti aliyaandika yote: vidonda vya kulala, matusi aliyotukana akiwa na homa, jinsi alivyoshindwa kujizuia njiani kwenda bafuni. Yalikuwa mashairi mazuri. Nasema hivyo kwa hasira, kwa sababu nililia pale pale kati ya makabati, na sikutaka kulia. Lakini nilipofunga kitabu nilijiuliza: aliyemvua mama yake mzazi nguo mbele ya watu, wangu atamwacha?

Katika makala ile ile ndipo nilipokutana na jambo lingine. Jina analotumia si la kuzaliwa. Wazazi wake walimpa jina tofauti kabisa, yeye akalitupa kabla ya kitabu cha kwanza na kujipa hili.

Nilifurahi, sifichi. Nilitoka maktaba karibu nikikimbia. Nilimkuta mama anachambua maharage.

"Mama, huyu si ndoyi wako. Jina alilozaliwa nalo ni lingine. Hili alijipa mwenyewe."

Aliendelea kuchambua. "Njo nini sasa?"

"Amekudanganya!"

"Aliniambia. Ile siku ya kwanza alikuja hapa, weye ulikuwa unatengeneza chai, aliniambia."

"Na ukamkubali?"

"Lile lingine alipewa. Hili alichagua mwenyewe. Majina yote iko hii dunia, akachagua yangu. Mimi nimufukuze?" Ndipo akaniangalia. "Na weye? Lile jina uko nalo kwa karatasi za Uswidi, jina ya upande wa baba yangu. Ulizaliwa nalo?"

Tangu tuondoke kambini hatukuwahi kulisema jambo hilo kwa sauti. Mama alilisema kama mtu anayeuliza kama nimefunga mlango, akarudi kwenye maharage yake. Niliingia chumbani na kujifungia, nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Nilichoona wazi ni kwamba jambo lililofungwa miaka yote limeanza kutoka, na limeanza kutoka tangu huyu mwanamke aingie nyumbani kwetu.

Jumamosi iliyofuata nilimsindikiza kituoni. Kwa kawaida sikumsindikiza. Upepo ulikuwa unatoka majini, treni haikuwa imefika, na tulikuwa peke yetu.

"Utaandika kuhusu mama?" nikamuuliza.

Hakujifanya kushangaa. "Sijui bado."

"Naomba usiandike."

"Ninakusikia," akasema. "Lakini nisikudanganye. Kila ninachokijua hatimaye hutafuta mlango wa kutokea. Nikikuahidi sasa, nitakuwa nimekuahidi uongo."

Nilitaka kumsukuma. Angalau mwongo angenipa ahadi, nami ningelala! "Kuna mambo yakiandikwa yatatuumiza," nikasema, na papo hapo nikajuta, kwa sababu sasa nilikuwa nimemwonyesha kwamba kuna mambo.

Nilitafuta usoni mwake dalili ya kwamba anajua, nikaiona, halafu nikaona kwamba labda ni baridi tu inamliza macho. Treni ikaja.

"Basi usije tena," nikamwambia.

"Mama yako akiniambia nisije, sitakuja," akajibu, akapanda.

Mama hakumwambia. Aliendelea kuja, nami niliendelea kukaa nao, na kati yangu na yeye kukawa na adabu ya kupitiliza, tafadhali nyingi na asante nyingi, ambayo kila Mkongo anajua maana yake. Siku moja mama alimpeleka kwa fundi wa Skärholmen washonewe kitenge kimoja. Wakatokea kanisani wamevaa sare, mmoja mrefu, mmoja mfupi, wakisifiwa na kila mtu. Watu waliniuliza mbona sifurahi. Nilisema kichwa kinaniuma.

Uraia wangu ulitoka majira ya kuchipua. Nilitegemea siku hiyo shaka itaniondoka, maana tuliambiwa kwamba hapa Uswidi uraia ukishapewa haunyang'anywi. Mama alipiga magoti akashukuru, mimi nikapiga magoti karibu naye. Kisha nikasubiri amani ije, ikakataa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa naogopa ofisi peke yake. Nilikuwa naogopa kukisoma siku moja, kwenye karatasi nzuri, kwa Kiingereza kizuri, kitu ambacho tulikuwa hatukisemi: kwamba mwanamke huyu hakuwa na mtoto, na huyu aliyeko jikoni ni wa mwingine. Mtu wa kwanza kusema hivyo mbele ya dunia asiwe mshairi.

Mwishowe aliondoka. Chuo kimoja cha kwao kilimpa kazi ya kudumu, ya kwanza maishani mwake, katika umri ambao wenzake wanastaafu. Uwanja wa ndege mama alimpa mfuko wa samaki wakavu ambao nina hakika alinyang'anywa upande wa pili. Walishikana mikono, wakasema maneno yao ya Kiswidi kilichovunjika, na kuitana ndoyi. Mimi nilimpa mkono. Akaushika kwa mikono yake miwili.

"Wewe hukai chini kamwe," akasema. "Nimekuona miaka yote hii umesimama mlangoni."

Nikaona hata mimi amenichukua kwa ajili ya mashairi yake.

Walipigiana simu sikukuu kwa sikukuu. Mimi nilibaki na kazi ya kuvizia. Kila baada ya muda niliingia mtandaoni kutafuta kama ametoa kitabu kipya, na kila nilipokosa nilihisi nafuu kidogo, kama mtu aliyeahirishiwa kesi. Miaka ilipita hivyo. Mama alianza kuumwa magoti, tukahamia nyumba ya ghorofa ya chini. Halafu, mwanzoni mwa muongo uliofuata, kitabu kikatoka. Makala ya kwanza niliyoona ilisema sehemu yake kubwa ni mashairi ya Stockholm.

Sikungoja maktaba. Nilikiagiza, kikaja, nikakifungulia ndani ya treni kutoka Slussen. Mama alikuwemo. Vidole vyake vilikuwemo, na ndagala, na Kiswidi chao. Mimi nilikuwemo nimesimama mlangoni, kama nilivyotegemea, na haikunipendeza. Jina hakuna. Nilifunua kurasa nikimtafuta yule mwanamke mwingine, jirani wa kambini, aliyekufa kwa homa. Hakuwepo.

Badala yake kulikuwa na shairi refu la kuzaliwa. Ndoyi wa mshairi yuko chini ya paa la turubai, mvua inapiga, hakuna mkunga, hakuna taa. Anang'ata kipande cha kanga. Anavuta pumzi hadi mbavu zinamuuma. Mtoto anakuja kwa shida, wa kike, mzito, macho wazi, na mwanamke anamwambia: sasa umefika, sasa hakuna anayekwenda popote bila mwenzake. Mtoto huyo, shairi linasema, ndiye yule aliyesimama mlangoni.

Nilipita kituo chetu bila kujua, nikashuka mwisho wa reli, nikarudi na treni iliyofuata. Kichwa changu kilikuwa kinafanya kazi yake ya siku zote. Nani amedanganya hapa? Labda mama alimdanganya Mmarekani kunilinda, kama alivyowaambia maofisa. Au mama alimwambia yote, na Mmarekani, ambaye hakumwonea aibu mama yake mwenyewe, akaamua kudanganya kwa ajili yetu baada ya kunikatalia ahadi. Au walikaa jikoni wakalitunga pamoja, kwa mikono, wakinyamaza kila nilipoingia. Nililigeuza huku na huku. Kila upande ulikuwa na mtu aliyenificha jambo.

Mama alikuwa jikoni, amekaa kwenye kiti chake kwa sababu ya magoti, anapepeta mchele. Nilimwambia kitabu cha ndoyi wake kimefika. Akaweka ungo mezani, akajifuta mikono, akaniambia nisome. Nikasimama nikamsomea, nikigeuza kwa Kiswahili mstari kwa mstari, nikimwangalia usoni nione atashtuka wapi. Hakushtuka. Kwenye turubai alitikisa kichwa akikubali. Kwenye kanga aliyoing'ata alifumba macho. Nilipomaliza nilikuwa nimeshakaa chini, sikumbuki nilikaa saa ngapi.

"Mama," nikasema, "ulimwambia hivi?"

"Nilimuambia vile ilikuwa."

"Mama."

"Kuko kitu moja hakuandika," akasema. Alinyoosha mkono, akaniwekea nyuma ya shingo kama anapima homa. "Hakuandika vile ulilia. Ulilia, we mutoto, batu yote ikaamuka. Nikakushika. Ukanyamaza."